Tungoje Mwasumini Uchanue

Mama aliposhuka kwenye basi, mabegi aliniachia mimi nigombane na makuli juu ya keria, yeye akashuka na kopo tu. Lilikuwa kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, limejaa udongo mwekundu wa kwetu Tanga, na katikati yake umesimama mche wa mwasumini wenye majani machache yaliyochoka safari. Njia nzima alikuwa amelipakata. Nilipotaka kumpokea alilivuta kifuani kwake.

"Shika mabegi wewe," alisema. "Hili nitalibeba mwenyewe."

Ndiyo salamu niliyopata, baada ya mwaka mzima hatujaonana.

Kwa asiyeujua, mwasumini ni mti mfupi wa bustani, kichaka tu, wenye maua madogo meupe, asumini, yanayofunguka jua likizama, na wanawake huyatunga wakayavaa kichwani. Harufu yake ikianza, nyumba nzima inajua. Kwetu kila ua una wake, nao hauna shida ya lolote, kwa sababu pwani kuna joto na unyevu mwaka mzima na mti huo haupendi kingine. Baridi hauiwezi. Ukame hauuwezi. Sasa mtu auchukue mti wa namna hiyo aulete Dodoma, tena mvua zikiwa zimekwisha na mwezi wa Juni uko mlangoni. Nilimwambia pale pale kituoni kwamba hautashika. Akanijibu kwamba mimi sijui kitu.

Katika ukoo wetu, binti akianza kukaa kwake, mama yake humpandia mwasumini kwa mkono wake mwenyewe, kichipukizi akikitoa kwenye mti wake. Mama alipandiwa hivyo na bibi. Mimi nilipitwa, maana sikuolewa. Nilihamishwa tu na ofisi nikiwa mpiga chapa, nikapewa nyumba ndogo ya serikali, vyumba viwili na ua wa vumbi, na hakuna aliyefikiri kwamba huko nako ni kukaa kwangu. Kwa hiyo mama alipoonyesha pale karibu na dirisha la chumba chake akasema tuchimbe hapo, sikubisha tena. Kusema kweli nilifurahi, ingawa uso wangu haukuonyesha.

Aliyemkatia tiketi alikuwa kaka. Ndiye mkubwa wetu, na tangu baba alipofariki ndiye aliyekaa na mama katika nyumba ya Tanga. Nyumba yenyewe iliandikwa kwa jina lake, na aliyetaka iandikwe hivyo ni mama, kwa kumpenda. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yakianza kujaa vitu na viwanda vya umma vikifungwa au kuuzwa. Kiwanda alichofanyia kazi kaka kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo hakumtaka. Kaka akasema mama aje kwangu apumzike kidogo, abadilishe hewa. Niliona ni jambo jema. Nilimsifu hata kwa wenzangu ofisini.

Mama hakuwa amemaliza mwezi kwangu kaka aliponipigia simu. Simu yenyewe ilikuwa moja, mezani kwa katibu muhtasi wa bosi, na ukiitwa unazungumza huku watu wazima watatu wanajifanya wanasoma mafaili. Kaka alinisalimu, akauliza hali ya mama, akauliza hali ya hewa, halafu akasema nyumba ameiuza. Mfanyabiashara mmoja anaitaka kwa ajili ya fremu za maduka, barabara sasa ina biashara. Hakuwa na njia nyingine, alisema, watoto wanataka kula.

Maneno yaliyonijia hayasemeki mbele ya katibu muhtasi wa bosi.

"Usimwambie mama," kaka akasema. "Nitakuja mwenyewe pamoja na mjomba, tumkalishe kitako."

Hapo alinifunga mikono, na alijua. Kwetu jambo la nyumba ya baba hulileta mtoto mkubwa, mbele ya mjomba, kwa adabu zake. Binti wa mwisho akilitoa mdomoni mwake peke yake, jikoni, huku anachambua mchicha, basi amemvunjia mama heshima mara mbili. Nikasema sawa, aje basi, aje upesi. Akasema mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwezi ujao ulikuja bila yeye.

Na mama tayari alikuwa amechoka na Dodoma. Vumbi halimwachi, midomo inampasuka, samaki ni wa kukausha, watu wanalala mapema. Kila nikirudi kazini ananiuliza basi la Tanga linaondoka siku zipi. Siku moja nikamwambia, nikijitia mzaha, kwa nini asikae tu na mimi moja kwa moja. Alikuwa amechutama pale kwenye mwasumini, anaupapasa kama anayepima homa.

"Tungoje kwanza mwasumini uchanue," alisema. "Halafu tutazungumza habari za kurudi."

Nililidaka neno hilo kwa mikono miwili. Nilijiambia kwamba mti ukishika, ukatoa maua, mama naye atakuwa ameshika. Atasema mwenyewe, kwa hiari yake, kwamba hapa panatosha, na nyumba ya Tanga itakuwa jambo la kusikia siku moja kwa mbali, akiwa ameshatulia, si jambo la kumfukuza. Ukifa, atapanda basi arudi kwenye nyumba isiyokuwepo. Ndivyo nilivyouweka moyo wangu wote juu ya kijiti kisichonifika gotini.

Baridi ikaingia. Wasioijua Dodoma hucheka ukiwaambia kuna baridi, lakini Juni na Julai upepo hushuka kutoka upande wa Ihumwa, mkavu, hausimami, unaingia hata kwenye tundu la ufunguo. Majani ya mwasumini yakajikunja pembeni, yakawa meusi, yakaanza kudondoka. Mama kila jioni aliufunika kwa kanga yake, akaifunga kwa kamba chini, na ukipita njiani ungesema kuna mtoto kasimamishwa pale kwa utundu. Asubuhi kanga tunaikuta kwenye ua wa jirani.

Nikaona hilo ni jambo la akili, si la kanga. Nikaenda Kizota kwenye magereji, nikamkuta fundi wa kuchomelea, nikamwambia anitengenezee kizuizi cha mabati pande tatu, kirefu hadi kifuani. Nilikileta kwa mkokoteni, nimenyoosha shingo kwa fahari. Upepo ulikoma kweli. Lakini jua la mchana likawa linapiga kwenye mabati na kurudi kwenye mti, na majani yaliyookoka baridi sasa yakaungua. Mama aliyatazama mabati, akanitazama mimi.

"Umeupikia," alisema.

Tukayang'oa. Nilimpa jirani, akajengea banda la kuku.

Jirani huyo alikuwa mama wa Kigogo, mkulima, mtu wa kanisani, ambaye mumewe alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja na sisi. Alikuwa na huruma, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba anatuona vichekesho. Kila asubuhi alisimama kwenye michongoma ya mpaka akamsalimu mama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," mama akajibu, kwa maana hilo neno la salamu la Kigogo alikwisha kujifunza, na alilitumia mahali pote hata pasipohusika.

"Mgonjwa kaamkaje?"

"Yuko vile vile."

"Mama, si ungepanda mzabibu? Hapa zabibu zinakubali sana. Unapata kivuli, unapata na matunda."

"Zabibu nitazivaa kichwani?" mama akauliza.

Jirani alicheka mpaka akashika michongoma, ikamchoma. Jumamosi yake alituletea samadi ya mbuzi kutoka kwa ndugu zake wa Zuzu, debe zima, akaikatalia kabisa asante yetu. Tuliiweka. Mti haukuonyesha dalili ya kuijua.

Shida kubwa ilikuwa majivu. Mama alikuwa na imani na majivu ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Kwao Tanga walimwaga majivu ya jikoni kwenye shina la kila mti wa uani, yakazuia mchwa, yakatia nguvu, mti ukastawi. Huko mvua ni nyingi na udongo ni mwingine. Hapa maji ya bomba yenyewe yana chumvi, ukichemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe, na udongo nao una magadi yake. Lakini mama aliona majani yanapauka, akasema mti umekosa nguvu, akaongeza majivu. Yakazidi kupauka, yakawa manjano mpaka kwenye mishipa, akazidisha majivu. Juu ya udongo pakawa na gamba la kijivu, gumu, ukilimwagia maji yanakimbilia pembeni.

Nilimwambia labda ni majivu. Alinijibu kwa upole, na upole wa mama huwa ndio mwisho wa mazungumzo.

"Mwasumini wangu wa nyumbani una umri mkubwa kuliko wewe," alisema. "Na chakula chake ni hicho."

Mti huo wa nyumbani sikuweza kuufikiria. Mwezi Septemba kaka alipiga tena, na katika kunieleza kwa nini bado hajaweza kuja, akataja kwamba ua umeshasawazishwa na msingi wa fremu umechimbwa. Nilimuuliza mwasumini. Akasema, mwasumini upi? Nikakata simu. Katibu muhtasi aliniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, ni mambo ya mimea.

Nikirudi jioni namkuta mama kachutama, kikombe mkononi, anamwagilia kidogo kidogo ili maji yasipotee. Na mimi, ninayejua kwamba kijiti hicho sasa ndicho peke yake kilichobaki cha mti ule, nasimama mlangoni na mkoba wangu. Nikisema, nimeua. Nisiposema, nimedanganya. Nilikuwa na hasira na kaka, na upepo, na bomba, na majivu, na mwasumini wenyewe, ambao naapa ungeweza kujitahidi kidogo zaidi. Hasira hizo zote hazikufanya jani hata moja lichipue.

Mwezi wa Oktoba malaria ikamshika mama. Ilikuwa kali. Hospitali walimtoa upesi kwa sababu vitanda havikutosha, akaja kulala chumbani, hana nguvu hata ya kuuliza habari za basi. Mimi nikawa wa kazini na kumtazama yeye, kupika uji, kufua mashuka. Hakuna aliyekumbuka majivu. Hakuna aliyekumbuka kanga wala samadi. Jirani alimwaga maji aliyooshea mchele pale chini ya dirisha kila alipokuja kumtazama mgonjwa, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu.

Joto likapanda, lile joto la Dodoma kabla ya mvua, ambapo hata mbwa hawabweki. Siku moja nilifungua dirisha la mama ili apate hewa nikaona kitu cha kijani. Nilifikiri ni jani la mti mwingine limepeperuka. Nikatoka nje nikachutama kama yeye. Chini kabisa, karibu na ardhi, kijiti kilikuwa kimetoa macho mawili. Tulipoacha kuusaidia ndipo ulipopata nafuu, na mpaka leo sijui niucheke ukweli huo au niulilie.

Nilimsaidia mama kuinuka, akashika kizingiti cha dirisha, akatazama.

"Nilikwambia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu augue aliomba chai ya tangawizi.

Mvua ya kwanza ilipiga Desemba. Ikalilainisha lile gamba la majivu, ikalipeleka inakojua yenyewe. Mwasumini ukafanya mambo ambayo haukuyafanya miezi yote ile, ukatoa matawi, majani mapya yanayong'aa, na mwishoni, kwenye ncha, vitumba vyeupe vyembamba. Mama alipona sawasawa. Alianza kuimba jikoni. Alimfundisha jirani kupika wali wa nazi, kwa nazi ya kukopa kutoka sokoni ambayo jirani aliisema kuwa ni ghali kuliko kuku. Aliacha kuniuliza siku za basi.

Nilikuwa mwepesi siku hizo. Nilikwenda kazini nikichapa barua za watu huku natabasamu. Nilijiona nimeokoka. Kaka asije basi, nilisema moyoni, hatumhitaji, mambo yamejipanga yenyewe.

Vitumba vilichanua Alhamisi jioni. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameoga, amevaa kanga mpya, ameketi kwenye mkeka uani na kisahani cha asumini mbele yake. Hazikuwa nyingi, zilijaza kiganja. Alikuwa anazitunga kwa sindano na uzi. Harufu ilikuwa ile ile ya nyumbani, nikakaa chini na viatu vyangu vya kazini. Alinikalisha mbele yake, akanifungua nywele, akanichana, akanisuka, akanizungushia zile asumini kichwani. Sijawahi kuwa na furaha namna hiyo katika mji huu.

"Haya," alisema. "Sasa na wewe uko kwako."

Nikamwambia asante, mama. Nikasema, kwa hiyo sasa tutazungumza? Nilisema nikiwa nacheka, nikingoja lile nililolingoja tangu Juni.

"Tuzungumze nini tena?" alisema. "Kesho unikatie tiketi."

Nilidhani anatania. Niligeuka nikamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi yake akatosheka.

"Nilikuwa nangoja huu uchanue," alisema. "Mzazi haondoki mti haujachanua, si vizuri. Bibi yako alikaa kwangu hivyo hivyo, siku ulipochanua alifunga mzigo. Sasa nimekupandia, umechanua, nimekuvika. Nyumbani kwangu nako kumelala muda mrefu. Kaka yako atakuwa amepaacha pachafu."

Nilivyofikiri mimi na alivyofikiri yeye vilikuwa vimelala nyumba moja miezi yote ile bila kujuana. Kila jani nililoliombea libaki ili mama abaki, lilikuwa linamsogeza kwenye basi. Nilisema sawa, mama, kama mtoto wa shule.

Asubuhi ofisini nilimpigia kaka. Nilimwambia aje leo, apande chochote, aje. Akasema mjomba anaumwa mguu, akasema kuna mzigo wa mitumba anaungoja, akasema kwani siwezi kumbembeleza mama akae walau mwezi mmoja. Laini ikakatika ikiwa bado anaeleza. Nikaomba ruhusa kwa bosi nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole, kwenye jua, nikitumaini njia itaniongezea kitu cha kusema. Haikuniongezea.

Nilimkuta anafunga begi. Kanga zake alikuwa amezipanga kitandani, chini nguo, juu zawadi: karanga na zabibu alizopewa na jirani. Nikasimama mlangoni. Sikuona mjomba wala kaka wala mtu yeyote wa kulisema isipokuwa mimi.

"Mama. Kaka ameiuza nyumba."

Aliendelea kukunja kanga aliyokuwa ameishika, akailinganisha pembe kwa pembe.

"Nyumba ipi?"

"Ya kwetu. Wamevunja. Wanajenga maduka."

Aliiweka kanga kwenye begi. Halafu akaitoa tena akaishika mapajani, akakaa kitandani.

"Na mwasumini?"

Nilitikisa kichwa.

Nilidhani atalia, au atamlaani kaka, au atanipiga kofi kwa kujua na kunyamaza. Ningelipokea lolote. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Kumbe siku ile nilipopanda basi nilikuwa nahama," alisema. "Sikumuaga mtu. Nilimwambia jirani yangu anitazamie kuku, nitarudi baada ya wiki mbili."

Nilikwenda kukaa karibu naye. Hakunisukuma wala hakunisogelea. Tulikaa hivyo mpaka jua likaanza kuzama na asumini za nje zikafunguka, nyingi kuliko za jana, na harufu ikaingia.

"Funga dirisha hilo," alisema mama.

Nikainuka nikalifunga. Lakini harufu ilikwisha kuingia chumbani, na sikuwa na la kuifanya.